Barua Moja kwa Wasichana Arobaini na Mmoja

Mbinga
Jumapili, 12 Machi 2006

Mpendwa Zita,

Mwalimu Gertruda alitufundisha kwamba barua isipoteze mistari kwa kueleza dhumuni lake, kwa hiyo naanza na habari yenyewe. Shule yetu imepata kompyuta sita! Zimetumika Ulaya mpaka wenyewe wakazichoka, lakini zinawaka. Sista Hildegardi amezifungia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mahindi, na juu ya paa wameweka sahani kubwa ya setilaiti. Wazee wanaopita kwenda sokoni wanauliza kama ni ya kuanikia kahawa.

Likizo ya Juni kutakuwa na kozi ya wiki nne kwa wasichana wa kidato cha tatu wa wilaya nzima. Nafasi ni kumi na mbili, wawili kwa kila kompyuta. Fomu zitafika parokiani kwenu. Jaza, Zita. Baba yako akikataa, mwambie kwamba bwana shamba kama yeye, aliyeng'oa mche wake Januari ukiwa na maua, akauhamishia ziwani, angalau autilie maji.

Mimi nimepewa kazi. Mwalimu Daniel, yule wa kujitolea aliyetoka Morogoro, anatengeneza tovuti ya shule, na ndani yake kuna programu ya kutuma barua pepe kwa waombaji. Barua yenyewe inaandikwa humo humo ndani ya programu, katikati ya amri za mashine, si kwenye faili la pembeni. Nilimuuliza kama hilo si hatari. Akasema, "Agripina, ukivitenganisha unakuwa na vitu viwili vya kupoteza. Hivi naona kwa jicho moja nani anaandikiwa na anaandikiwa nini." Baada ya neno Mpendwa tunaacha nafasi. Mashine inachukua jina kwenye orodha, inalipachika pale, inatuma. Kisha inachukua jina linalofuata. Barua ni moja, lakini kila msichana atadhani ni yake.

Orodha anaishika Mwalimu. Maneno nayashika mimi, kwa sababu anasema Kiswahili changu hakina makapi.

Barua yako ya Februari nimeisoma mara nyingi. Ina ukurasa mmoja na nusu, na jina Kunigunda limo mara kumi na moja. La kwangu limo mara moja, pale juu kabisa. Sisemi kitu. Nimehesabu tu.

Mimi wa dawati lako tangu darasa la nne,
Agripina


Chiwanda
27 Machi 2006

Agripina wewe,

Umeanza kuhesabu maneno ya barua za watu kama msimamizi wa mitihani? Haya, hili hapa la kumi na mbili: Kunigunda.

Usinune. Siku nilipofika hapa sikumjua hata mtu mmoja. Nilikwenda ziwani na ndoo, nikawa naingiza mguu mmoja na kuutoa kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Watoto wa darasa la kwanza walinicheka mpaka wakalala mchangani. Kunigunda ndiye aliyekuja akanishika mkono, akaniambia, "Dada wa milimani, maji hayaumi." Sasa naweza kuogelea hadi kwenye mwamba wa kwanza. Yeye anafika wa tatu, anapiga mbizi, na anarudi bado anaimba wimbo ule ule alioondoka nao. Bibi yake hunikaangia usipa, vile vidagaa vya ziwani, na kunisemesha Kinyasa. Nikiitikia "Ee, Bibi" kwa kila kitu, ananiongezea.

Baba nimemsomea yale ya mche. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye ripoti yake ya mihogo. Amesaini fomu.

Na Kunigunda naye amejaza! Alijaza akiwa amesimama, kwenye ukuta wa parokia, kwa hiyo usimcheke mwandiko. Tukichaguliwa wote tutakuwa watatu. Nimeshamwambia mtapendana.

Kuhusu ile mashine yako inayomwita kila mtu Mpendwa, isije ikanizoea.

Wako,
Zita

Barua hii imekuja na Fuso ya yule mfanyabiashara wa usipa. Ikinuka, ndiyo sababu.


Mbinga
Jumapili ya Matawi, 9 Aprili 2006

Mpendwa Zita,

Asante kwa barua. Ilinuka, ndiyo.

Nimefurahi kwa ajili ya Kunigunda kwamba amejaza fomu. Wameomba wasichana arobaini na mmoja, na mimi ndiye ninayeingiza majina yao kwenye kompyuta, kwa hiyo nimeziona fomu zote. Lakini umesahau kitu kimoja. Kila kompyuta ina watu wawili. Sista Hildegardi amesema kwamba kwa kuwa nimefanya kazi tangu mwanzo, nafasi yangu ni ya hakika, na mtu wa kukaa naye nitamchagua mwenyewe. Watatu hawakai kwenye kibodi moja, Zita. Ni kibodi, si mkeka.

Hapa mvua haijakoma. Nyumbani Ukata mashimo ya ngoro shambani yamejaa maji, na Mama anasema kahawa itawahi kuiva mwaka huu. Nikiwa kwenye kozi hatakuwa na mtu wa kuchuma naye wiki nne nzima. Amekubali hata hivyo. Nimemwambia wewe ndiye utakayekuwa pembeni yangu, akasema, "Kama ni Zita, nenda."

Je, Kunigunda anakufundisha pia hesabu, au ni kuogelea tu?

Agripina


MRADI WA KOMPYUTA KWA WASICHANA, MBINGA
Barua hii imetumwa na programu. Tafadhali usiijibu.
24 Aprili 2006
Kwa: Kunigunda Benno, kupitia parokia

Mpendwa Kunigunda,

Usijali kwamba barua hii inatoka kwenye mashine. Maneno ni yangu mwenyewe, mimi Agripina.

Nafasi yako ipo. Ni kompyuta namba nne, iliyo dirishani, ambapo mtu akiinua macho anaona mashamba yote mpaka msituni. Nilikuchagua wewe kabla hujagusa fomu. Sijamwambia mtu mwingine maneno haya na sitamwambia. Tangu Januari dawati langu lina upande mmoja tu. Wameniletea wasichana watatu wa kukaa hapo, na wote nimewatafutia sababu wakahama.

Jambo moja nakuomba. Nimechoka na habari za Kunigunda. Kunigunda anaogelea, Kunigunda anaimba, Kunigunda anapiga mbizi. Kama anajua yote hayo, kompyuta anaitakia nini? Fomu yake nimeiona. Mwandiko wake unapanda mlima kama mbuzi aliyeona mahindi. Abaki na ziwa lake. Wewe njoo, tuwe kama zamani, na tusimtaje kwa wiki nne nzima.

Wako kuliko wote,
Agripina


Chiwanda
1 Mei 2006

Kwako Agripina wa Mbinga,

Hatujuani. Mimi ni Kunigunda, binti wa Mzee Benno. Sijui nikujibu kama yule Kunigunda unayemwita Mpendwa, au kama yule asiyetakiwa hata kutajwa. Programu yako imesema nisijibu, lakini mimi sikulelewa na programu.

Nakueleza jinsi ilivyokuwa, maana huenda huko hamjui barua zenu zinavyofika. Hizo barua pepe zinachapwa misheni, halafu Katekista Tarsisi anazileta Chiwanda kwa baiskeli. Hapa barua iliyopita parokiani inasomwa baada ya Misa, mbele ya ngazi, kwa sababu wazazi wengi wanapenda kusikia na si wote wanaosoma. Hivyo jana Katekista akasimama na karatasi mbili, akatangaza kwa furaha, "Binti zetu wawili wameandikiwa na kompyuta!" Watu wakapiga makofi. Akaanza na ya Zita.

Alipofika kwenye mbuzi aliyeona mahindi, bibi yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kubahatisha, akauliza kwa sauti, "Mbuzi wa nani kapotea?" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Katekista alitaka kukunja karatasi, lakini mama mmoja akasema, "Soma na ya pili, labda ndiyo inayomtetea." Akasoma ya pili. Ikaanza Mpendwa Kunigunda. Nikasema moyoni, kumbe. Halafu ikawa ile ile, neno kwa neno, na mimi mwenyewe nikaombwa nije bila mimi.

Leo kila ninapopita wananilialia kama mbuzi.

Sikuandikii ili uombe radhi. Nakuandikia nikuambie kitu ambacho Zita hawezi kukuambia kwa sasa. Siku ya kwanza niliyomshika mkono pale ziwani, alikuwa hajanitajia jina lake, lakini la kwako alishanitajia. Agripina angecheka hapa, Agripina angejua hili, Agripina haogopi kitu. Mimi ndiye niliyechoka na habari za mtu, dada. Lakini sikuiandikia wilaya nzima.

Mwandiko wa barua hii haupandi mlima. Nimeuandikia mezani.

Kunigunda Benno


Chiwanda
1 Mei 2006

Agripina,

Sitaandika mengi.

Katekista alipoanza kusoma barua yangu, kabla hajafika kwa Kunigunda, nilifurahi mpaka nikaona aibu mbele za watu. Yale ya dirisha. Yale ya dawati lenye upande mmoja. Niliyashika kama mtu anayeshika kikombe kilichojaa. Kisha ulipomtukana rafiki yangu nilikasirika, lakini hata hapo nilijua ni wivu wako, na wivu wako nimeuzoea tangu darasa la nne. Ningekupigia kelele, na ningekuja.

Halafu akachukua karatasi ya pili, na dirisha likawa la Kunigunda.

"Nilikuchagua wewe kabla hujagusa fomu." Wewe yupi? "Sijamwambia mtu mwingine maneno haya." Lidia, binamu yangu wa Liparamba, amenitumia salamu kwamba naye ameambiwa hivyo hivyo, na kwamba ameshapanga sanduku lake. Umetuambia wangapi? Niliwahi kukuandikia kwamba mashine yako isije ikanizoea. Ulicheka, sivyo?

Nimemwandikia Sista Hildegardi anifute kwenye orodha. Baba ameuliza kwa nini, nikamwambia naumwa tumbo. Si uongo sana.

Usinijibu.

Zita


Mbinga
14 Mei 2006

Zita,

Umesema nisikujibu. Naomba unikasirikie na kwa hilo pia, lakini usome.

Siku ya Jumamosi baada ya Pasaka nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kompyuta. Maneno halali ya barua yalikuwa tayari: maombi yako yamepokelewa, majibu yatatolewa Mei, asante. Nikaona nijaribu programu kwa mtu mmoja. Nikaondoa orodha, nikaweka jina moja, la kwako. Nilipokuwa naiangalia ile nafasi baada ya Mpendwa, nikijua ni wewe tu utakayeingia pale, sikuweza kukuandikia kwamba maombi yako yamepokelewa. Nikayafuta maneno ya shule, nikaweka ya kwangu. Nilikuwa nimetoka kuisoma barua yako tena. Nilikuwa na wivu, Zita. Nautaja kwa jina lake kwa sababu Sista Hildegardi amenifanya niutaje mbele ya darasa.

Niliyahifadhi, kisha umeme ukakatika kabla sijatuma. Nikasema nitamalizia Jumatatu. Jumatatu tulikuwa na mtihani wa Bayolojia. Mwalimu Daniel akaingia, akakuta orodha ina jina moja, akarudisha majina yote arobaini na moja. Maneno hakuyasoma. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba orodha ni yake na maneno ni yangu, na yeye ni mtu wa kuheshimu makubaliano. Akabonyeza.

Ndiyo maana jina baada ya Mpendwa likabadilika kwa kila mmoja. Ile ilikuwa nafasi. Lakini jina la Kunigunda kule chini nililiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo lilibaki lile lile kwenye barua zote. Mashine haikukosea hata herufi moja. Ilifanya nilichoiambia.

Sikuwaandikia watu arobaini na mmoja, Zita. Nilikuandikia wewe, na wengine arobaini wakapewa barua yako. Sijui kama kwako hilo lina tofauti yoyote. Kwangu ndilo pekee lililobaki.

Ungeona majibu yanayokuja. Wengi wanashukuru kwa kuchaguliwa. Wengine wanauliza huyo Kunigunda alifanya nini. Jacqueline wa hapa mjini, ambaye hajawahi kufika ziwani, ameniandikia, "Hata mimi simpendi Kunigunda, kwa hiyo nitakaa na wewe." Niliposoma hiyo nilitoka nje nikakaa nyuma ya tangi la maji mpaka kengele ya chakula.

Mwalimu Daniel alitaka kubeba lawama nusu. Sista akamkatalia. Adhabu yangu ni kumwandikia kila msichana barua ya kuomba radhi, kwa mkono, na zisifanane. "Hata sentensi mbili zisifanane," alisema, "na nitazisoma zote." Nimemaliza kumi na tisa. Pia nimenyang'anywa ruhusa ya kuchagua wa kukaa naye.

Sista ameniambia umejifuta. Nilimsihi asikufute. Akasema, "Binti yule ameandika kwa akili zake timamu, nami namheshimu kuliko wewe ulivyomheshimu." Nafasi yako kapewa Lidia wa Liparamba.

Mama bado hajui. Anaendelea kusema, "Kama ni Zita, nenda."

Agripina


Mbinga
20 Mei 2006

Kwa Dada Kunigunda Benno,

Hii ni barua ya arobaini. Ya arobaini na moja ilikuwa ya Zita, nayo niliiandika bila kungoja zamu. Ya kwako nimeichelewesha kwa sababu kila nilichoanza nacho kilikuwa cha kujitetea, na Sista alikuwa anakirudisha na mstari mwekundu.

Nilikusema vibaya bila kukujua. Fomu yako niliiona, lakini niliangalia mwandiko tu. Jana nimeisoma. Kwenye swali la kwa nini unataka kujifunza kompyuta, wengi waliandika "kwenda na wakati." Wewe uliandika kwamba kaka yako yuko Malawi miaka mitatu, kwamba barua ya posta inazunguka Dar es Salaam kabla ya kuvuka ziwa, na kwamba kutoka mlangoni kwenu unaona milima ya nchi aliko. Nililiona swali hilo na jibu lake mwezi Machi, nikalipita, kwa sababu nilikuwa natafuta kasoro.

Nimemwandikia Mzee Benno kwa karatasi tofauti, na Shikamoo yake nimeiandika kwanza. Nimemwomba Katekista Tarsisi aisome hiyo pale pale kwenye ngazi, baada ya Misa, kwa sauti ile ile. Inasema kwamba aliyeandika yale ya mbuzi ni mtu aliyekuonea wivu.

Umechaguliwa. Si mimi niliyekuchagua. Ni Sista na Mwalimu Daniel, kwa jibu lako lile. Nitaelewa usipokuja. Lakini ukikosa kwa ajili yangu, nitakuwa nimepata kile nilichokiomba, na sikitaki tena.

Nilifikiri Zita ana nafasi moja tu ndani yake, na kwamba ukiingia wewe natoka mimi. Bado nafikiri hivyo siku nyingine. Najitahidi.

Agripina


Mbinga
11 Juni 2006

Zita,

Kunigunda amekuja. Unajua, maana ni wewe uliyemsindikiza hadi kwenye Fuso. Aliniambia mlisimama barabarani dakika nzima, naye akakuuliza, "Salamu zipi nimpe?" ukamwambia, "Mwambie barabara ni mbaya."

Barabara ni mbaya, amefika na vumbi hadi kwenye kope. Sista Hildegardi alisoma majina ya wawili wawili: Lidia na Jacqueline, fulani na fulani, na mwisho kompyuta namba nne, Agripina na Kunigunda. Kunigunda akavuta kiti, akakaa, akasema, "Mbuzi ameshafika. Mahindi yako wapi?" Nilitaka ardhi ipasuke. Kisha nikaona anangoja nicheke, na kwamba hatanisaidia zaidi ya hapo.

Siku tatu za kwanza tuliongea Kiingereza cha kompyuta tu. Siku ya nne alinipita. Anaelewa haraka, Zita, na hajisifu, jambo ambalo ni baya zaidi. Mwalimu Daniel ameyatoa maneno ya barua ndani ya programu, ameyaweka kwenye faili lake peke yake ambalo Sista hulisoma kabla ya chochote kutumwa. Kazi ya kuandika maneno hayo amempa Kunigunda. Alipomtangaza nilipiga makofi. Mikono iliniuma siku nzima, kama niliyepiga ukuta.

Yeye anapata barua yako kila Fuso inapokuja. Anazisomea kitandani. Sijawahi kumuomba anisomee. Jana nilikuwa nikiangalia jinsi zilivyo nene.

Ile ya tarehe 14 Mei uliipata?

Agripina


Mbinga
15 Juni 2006

Zita dada wa milimani,

Kompyuta ni rahisi kuliko kuogelea, na maharage ya Sista ni magumu kuliko yote mawili. Kaka nimemwandikia. Nilibonyeza saa nne asubuhi, na saa nane mchana, Zita, saa nane ya siku hiyo hiyo, jibu likawa limerudi kutoka Nkhata Bay! Anauliza kama Bibi bado anakoroma. Nililia nikakosa pa kushika, na aliyenishika ni Agripina wako.

Huyu mtu, hakuna aliyeniambia kwamba ana vichekesho. Wewe ulinieleza kwamba ni hodari, ni mkali, anajua kila kitu. Hukunieleza kwamba anaigiza sauti za walimu. Jana ametoa ya Katekista Tarsisi, ambaye hajawahi kumsikia, kwa maelezo yangu tu, na akampata kabisa! Tulicheka mpaka Mwalimu Daniel akatutoa nje wote wawili, na huko nje tukaendelea, tumeshikilia nguzo. Jumapili ananipeleka kwao Ukata nikaone ngoro na kumsaidia mama yake kuchuma kahawa. Mama yake ameshaagiza nitalala chumba kile kile alicholala Zita.

Nimemuuliza kama ulimwandikia. Akasema, "Bado," kama mtu anayesema mvua haijanyesha.

Mimi nimeshamsamehe. Wewe endelea na kazi yako.

Kunigunda


Getini, shuleni kwenu
Jumatano, 21 Juni, saa tisa alasiri

Agripina,

Naandika nyuma ya ripoti ya mihogo ya Baba, maana sina karatasi nyingine. Mlinzi wenu mpya ananizuia kuingia. Nimempa Shikamoo mbili. Anasema jina langu halimo kwenye orodha ya kozi, nami nimemwambia nalijua hilo, nililifuta mwenyewe. Sasa ameniona kichaa, lakini amekubali kukuletea karatasi hii kama nitabaki upande huu wa lango.

Barua yako ya Mei niliipata. Niliisoma mwambani, na kurudi ilibidi niogelee kwa mkono mmoja ili isilowe. Imelowa kidogo.

Sijakusamehe vizuri. Nimemwambia Baba nakuja kumwona Shangazi, naye akaniangalia, akasema Shangazi yupo Songea tangu Pasaka. Kisha akanitafutia lori.

Nilikuwa na wiki mbili za kuwaza kwamba wewe na yeye mmekaa kompyuta moja mkichukiana, na hilo niliweza kulibeba. Kisha akaniandikia habari za nguzo. Kwamba mlicheka mkashikilia nguzo. Wewe sauti za walimu ulikuwa unanitolea mimi tu, chini ya blanketi, na hukuwahi kukubali kumtolea mtu mwingine hata Mwalimu Gertruda alipokubembeleza. Muda wote wa saa tisa kwenye lori nimekuwa nikiwaza ni sauti gani ulizompa.

Sitaki nafasi ya Lidia. Sitaki kukaa kwenye kompyuta. Nataka kukuona.

Mje wote wawili, nimewaletea usipa.

Hapana. Utoke kwanza wewe.

Zita